Waliosimama Nyuma ya Mwalimu

Sitaandika alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Maswali hayo aliulizwa vya kutosha mwaka ule wa uchaguzi wa mlolongo, na kila aliyeuliza alikuwa ameshajijibu kabla ya kufungua kinywa. Kule mjini Malindi, kwenye nyumba za mawe, walisema ni mtu wa mashamba aliyejifunza kuvaa buibui. Kule mashamba, nyuma ya Gede, walisema ni mtu wa mjini anayejifunga leso apate kura. Yeye alikuwa na buibui na alikuwa na leso, akavaa kimoja au kingine kwa kutazama jua na shughuli. Nitamwita Mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyomwita tangu nikiwa na miaka kumi na saba mpaka mara ya mwisho nilipomwona, na sina haki ya kumwita jina la karibu zaidi ya hilo.

Nianze na lililo gumu. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu yeye, kisha nikawaonea wivu wote aliowapenda, na wivu huo ulinifikisha mahali ambapo hata leo nikipapita kwa mawazo nainamisha kichwa.

Alifundisha kisomo cha watu wazima, kile ambacho watu wa mtaa wetu wa Muyeye walikiita gumbaru. Hakuajiriwa na mtu. Alifundishia kwenye baraza ya ghala la nazi lililokuwa halitumiki tena, kila siku baada ya sala ya alasiri. Wanafunzi walikaa juu ya magunia, na ubao ulikuwa wa kuazima. Mimi sikuwa mwanafunzi wake hasa. Niliacha shule darasa la tano, nikajifunza kuandika vibao vya maduka peke yangu, kwa kuiga herufi za makopo ya samli na paketi za majani ya chai. Nilikwenda pale kwa sababu alikuwa na magazeti ya zamani na hakukataa mtu kuyasoma. Nilikaa nyuma kabisa, nikijifanya nasoma, huku nikimtazama yeye.

Alikuwa na mwandiko mbaya. Mstari wake ulianza juu kushoto ukamalizikia chini kulia, kama maji yanayotafuta mfereji. Mimi mkono uliniwasha kwa hamu ya kuunyoosha. Akikosea hakutafuta kitambaa. Alifuta kwa kiganja, kisha akajipangusa nyongani, na kila jioni alirudi kwake na alama ya kiganja cheupe kwenye buibui jeusi. Watoto wa mtaa waliijua alama ile. Hakuionea haya hata kidogo. "Kosa lionekane ndipo tulitengeneze," aliwaambia wanafunzi. Likishatengenezwa nusunusu alisema, "Haya, imetosha, twende mbele," na darasa zima likaenda mbele.

Neno hilo, imetosha, mimi sikuwahi kulisema katika maisha yangu. Kibao cha duka la unga nilikipaka, nikakifuta, nikakipaka tena mara nne, mpaka nilipokipeleka mwenye duka alikuwa ameacha unga na kuanza kuuza vipuri vya baiskeli. Kwa hiyo mtazame mtu kama mimi, anayekesha kwa sababu ya mkia wa herufi moja, akimtazama mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayekosea mbele ya watu, anacheka, na watu wanazidi kumpenda. Niliona kama ananiibia kitu.

Sauti yake haikuwa nzuri pia. Ilikuwa kavu, na akiipandisha ilikatika. Lakini watu walimsikiliza. Nakumbuka mzee mmoja, mgema, aliyekuja siku ya kwanza akasimama nje ya baraza na kutangaza, "Mimi sifundishwi na mwanamke."

"Basi karibu uketi, mzee wangu," Mwalimu akamjibu, "usifundishwe."

Akaketi. Aliketi miaka miwili bila kufundishwa. Siku alipoandika jina lake lote bila kusaidiwa, aligeukia darasa akasema, "Nimejifunza mwenyewe."

"Kweli, mzee wangu," akasema Mwalimu. "Umejifunza mwenyewe." Na hakucheka, wala hakutukonyeza.

Isidhaniwe kwamba alikuwa malaika. Aliwaambia wanawake wasiombe ruhusa ya kuja kusoma, lakini mke wa mwanawe hakuvuka kizingiti cha ua bila kumwuliza yeye. Aliwakemea waliochelewa, na yeye alichelewa. Alikataa kuitwa mama darasani, akisema pale ni mwalimu tu, lakini mtu akimbishia alikuwa mwepesi wa kusema, "Mimi ni mkubwa wako." Na alipenda kusifiwa chai yake, ambayo ilikuwa mbaya.

Tena alikuwa na vipenzi vyake. Aliyempenda kuliko wote ni Kadzo, mama wa watoto watatu aliyeuza bajia kando ya barabara. Kadzo alimaliza mwezi mzima hajui kushika chaki. Mwalimu alisimama nyuma yake, akamshika mkono, wakaandika pamoja, siku baada ya siku. Nilipoona hivyo niliacha hata kujifanya nasoma. Mimi nilifika pale nikiwa najua, kwa hiyo hakuna aliyenishika mkono. Aliyejifundisha mwenyewe husifiwa sana, lakini hana wa kumshika mkono. Huo ndio wivu wangu wa kwanza kumhusu Kadzo. Haukuwa wa mwisho.

Jambo la udiwani lilianzia bombani. Bomba la mtaa lilikauka wiki, likarudi siku moja, likakauka tena, na waliopanga foleni ya ndoo ni haohao wanawake wa gumbaru. Diwani wetu wa siku zote alikuwa mfanyabiashara wa mji wa kale, mtu mweupe, mpole, mwenye kanzu isiyo na kunyanzi, ambaye kwake maji hayakukatika. Siku moja Mwalimu alifika akiwa na ndoo mkononi badala ya vitabu, akaiweka chini na kusema, "Mwaka huu nasimama mimi."

Kisha akaongeza, akicheka kidogo, "Mie mwenyewe nimewapa kura wanaume weupe maisha yangu yote. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Nilidhani diwani ndivyo anavyokuwa, kama vile jogoo ana kilemba."

Wakati huo nilikuwa naandika kibao cha kinyozi mmoja, na kwa kuwa kazi zangu hazimaliziki, nilikaa hapo siku nyingi nikisikia mengi. Kinyozi alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

"Mtu mweupe akiingia ofisini huvutiwa kiti," alisema huku akinoa wembe. "Mimi na wewe tukiingia twaulizwa, haya, shida yenu?"

"Basi tumpe yule kijana," akasema mteja aliyekuwa akisubiri. Alimaanisha mgombea wa tatu, kijana aliyerudi kutoka chuo Nairobi, mwenye viatu vya kung'aa. "Amesoma. Ni damu changa."

"Kijana hajaoa! Mtu asiye na mke atasema nini mbele ya wenye nyumba?"

"Na Mwalimu je?"

Kinyozi alisita. "Mwalimu namheshimu. Mke wangu anasoma barua zake mwenyewe siku hizi, na ni kwa sababu yake, ingawa sijui kama hilo ni jema." Wakacheka. "Lakini mwanamke, ana mvi tayari, mtu akifiwa usiku ataweza kutoka?"

Mzee aliyekuwa kitini, povu kidevuni, akasema taratibu, "Na maiti za wanawake huoshwa na nani? Na diwani?"

"Ami, geuza kichwa," akasema kinyozi.

Nilicheka pamoja nao. Lakini maneno ya rangi, ya mvi na ya uanamke yaliniingia mkononi, nayo yakatokea baadaye.

Mlolongo, kwa asiyeukumbuka, ulikuwa hivi: hakuna karatasi wala sanduku. Wenye kadi za chama walikusanyika uwanjani, mawakala wakainua picha za wagombea wao, na kila mtu akaenda kusimama nyuma ya picha anayoitaka. Kura yako ilikuwa mwili wako, na majirani zako wote walikuona umeuweka wapi.

Kwa hiyo picha ilikuwa kitu kikubwa. Mwalimu alikuja kwangu mwenyewe, mpaka kwenye kibanda changu. "Fundi," akasema, "nataka uso wangu uonekane kutoka ng'ambo ya uwanja."

Hakuwahi kunihitaji kwa lolote kabla ya siku hiyo. Nilipata kipande cha plaiwudi, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama kigae, pande zote mbili, ijapokuwa upande mmoja tu ndio uliohitajika. Kona moja ilikuwa na ufa, nikaikata kwa msumeno. Nikamchora. Mchoro wa kwanza ulikuwa yeye: rangi yake, mistari chini ya macho, mvi zilizochungulia kwenye paji la uso. Ungeisha siku ile, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Lakini sikusema imetosha. Nilimsikia kinyozi. Nikachanganya nyeupe kidogo kwenye kahawia, kwa ajili ya mwanga tu, nikajiambia. Uso ulipong'aa, mistari ya macho ikaonekana mizito, nikaipunguza. Mistari ilipopungua, mvi hazikufaa, nikazifunika. Kila nilipotengeneza kitu, cha jirani yake kilidai kutengenezwa. Baada ya wiki tatu nilikuwa na mwanamke wa miaka thelathini, mweupe, mwenye shingo ndefu. Nilimwona mzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilidhani nimempa Mwalimu ushindi, na kwamba ushindi huo utakuwa na alama ya mkono wangu.

Niliupeleka ubao mbele ya darasa zima, kwa sababu nilitaka waone.

Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"La," akasema kwa upole. "Huyu ni mwanamke mzuri sana, na namtakia heri. Lakini akisimama yeye uwanjani, mimi nitakaa wapi?"

Darasa likacheka. Kadzo alicheka zaidi, akajipiga na kofi pajani. "Wee fundi! Huyu umemtoa sinema gani?"

"Watu wanataka..." nilianza.

"Najua wanachotaka," Mwalimu akanikata. "Nimeishi nao. Uache hapa ubao wako. Ahsante kwa kazi."

Siku ya pili alikwenda studio mjini akapigwa picha, ikakuzwa ukubwa wa sinia. Nilipoiona nilisogea karibu. Alikuwa amejipaka poda. Si kidogo, poda ilifika mpaka kwenye nyusi. Kumbe naye alitaka kung'aa, ila si kwa mkono wangu. Nililishika wazo hilo kama jino bovu, nikawa nalibonyeza kila saa kuhakikisha bado linauma. Kisha nikasikia wakala wa kuinua picha ile uwanjani ni Kadzo. Nilidhani ataniomba mimi, hata nilikuwa nimeanza kufikiria nguo ya kuvaa siku hiyo.

Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi. Tulifika asubuhi, na jua lilikuwa kali tayari. Picha tatu ziliinuliwa. Ya mfanyabiashara ilikuwa na fremu. Ya kijana ilikuwa na vijana wawili wakiishika na wengine wakiita, "Vijana huku! Zamu yetu! Huku!" Ya Mwalimu ilishikwa na Kadzo kwa mikono miwili juu ya kichwa, jinsi alivyobeba karai lake la bajia, na Mwalimu mwenyewe alisimama pembeni yake.

Nilisimama katikati. Nitasema ukweli. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuogopa mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kijana yule alikuwa na miaka inayokaribia hiyo, kwa hiyo sababu ya kusema ilikuwapo, nzuri, imeshapigwa msasa: ni wakati wetu sisi vijana. Hata leo mtu akiniuliza nilimchaguaje, naweza kumjibu hivyo na akaridhika. Lakini miguu yangu haikwenda kule kwa sababu ya umri. Nilitaka Mwalimu anione nikienda. Nilitaka apungukiwe na mtu mmoja na amjue ni nani.

Nikaenda, nikasimama.

Kutoka pale niliona mengi ambayo sikutaka kuyaona. Mwanamke mmoja wa gumbaru alipita mbele ya Mwalimu akifuatana na mumewe, macho chini, kuelekea kwa mfanyabiashara. Alipomfikia alipunguza mwendo. "Mwalimu," akasema, "moyo wangu uko kwako, lakini miguu ina mwenyewe."

"Nenda, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Usikanyage leso."

Nilimwona yule kinyozi akienda kwa mweupe wake bila kusita. Nilimwona mkewe amesimama nyuma ya Kadzo, mikono kiunoni, akimtazama mumewe kutoka ng'ambo kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia. Na nilimwona yule mzee mgema akitembea polepole kwa bakora yake kuvuka uwanja wote, watu wakimzomea kwa utani.

"Mzee! Leo wasimama nyuma ya mwanamke?"

"Mimi sisimami nyuma ya mwanamke," akajibu bila kugeuka. "Yeye ndiye amesimama mbele yangu." Akashika nafasi ya kwanza nyuma ya Kadzo, na hakuondoka mpaka mwisho.

Maofisa walipita wakihesabu kwa kugusa mabega. Wa mfanyabiashara walijaa mpaka wakajikunja kwenye ua wa shule. Mstari wetu ulifika golini. Wa Mwalimu haukufika hata katikati ya uwanja. Ofisa aliponigusa bega nilishtuka kama niliyeungua.

Aliyekuwa diwani akaendelea kuwa diwani. Haukupita mwezi, mwenye ghala akasema anaihitaji baraza yake, na ubao wa kuazima ukaazimwa na mwingine. Mwalimu akahamia Gede kwa mwanawe. Sikwenda kumuaga. Kwamba ameondoka nilisikia kwa Kadzo, ambaye aliniambia huku akigeuza bajia, bila kuniangalia.

Zaidi ya mwaka ulipita. Nilikuwa na woga nisioweza kuueleza: sikuogopa kwamba atanikaripia, niliogopa kwamba hakuona. Kisha nikapata kazi ya kibao cha duka huko Gede, na siku ya tatu, kabla sijamaliza, nikauliza nyumba yake.

Nilimkuta uani, alasiri, amekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na mbele yake wanawake sita na mzee mmoja juu ya mkeka. Wengine walimwita hawe, bibi, kwa lugha ya huko, naye hakuwakataza. Alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimemaliza kichwa chote. Mstari wa maandishi ulikuwa ukishuka kulia kama zamani, na nyongani alama ya kiganja ilikuwa mahali pake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu. Kibao umemaliza?"

"Bado."

"Najua."

Wanafunzi walipokuwa wanakunja mkeka niliutazama ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, na kona moja ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Nilikijua kidonda kile.

"Ule ni..."

"Ni wako. Upande wa nyuma. Uliupiga msasa vizuri sana, chaki inashika barabara." Hiyo ilikuwa sifa ya kwanza kunipa, nami hata leo sijui nilitaka kulia au kucheka. "Yule bibi yupo, anatazama ukuta. Siku nyingine wakishaondoka namgeuza nikamwamkia. Yeye hazeeki. Mimi ndiye ninayemzeekea."

Mkwewe alileta chai. Ilikuwa mbaya kama zamani. Nikanywa yote.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ya mlolongo, mimi..."

"Nilikuona."

Alikuwa akifuta chaki vidoleni.

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika wapi, mwanangu? Nilikuwa na kazi siku ile. Nilikuwa nawatazama waliokuja." Akaegemea ukuta, akafumba macho. "Watu waliacha waume zao ng'ambo ya uwanja. Mtu na akili yake kaja kusimama juani nyuma ya bibi mwenye poda, anajua hatashinda, na kila mtu amwona. Unadhani naweza kuwasahau? Ninao wote."

"Wote?"

"Kwa zamu zao, kutoka mbele."

Akaanza kuwataja, kwa sauti ile kavu aliyoitia rejista ya darasa, akitulia kidogo baada ya kila jina kana kwamba mwenyewe ataitika. Kadzo. Yule mzee mgema, kwa jina lake lote, kama alivyoliandika mwenyewe. Mke wa kinyozi. Muuza maji. Dada wawili wa nyuma ya msikiti. Hakuruka hata mmoja, hakurudia hata mmoja, na mimi niliyekuwa nikimwona hodari wa kukosea sikupata kosa hata moja katika hesabu ile.

Nilijua simo katika orodha ile. Nilikuwa pale uwanjani, najua nilisimama wapi. Hata hivyo niliweka kikombe chini, nikanyoosha mgongo, nikamsikiliza mpaka jina la mwisho, kama mtu anayengoja kuitwa.